Shajara, Daftari la Yaliyo Moyoni

Shajara ni daftari ambamo mtu huandika, siku hadi siku, mambo yaliyompata na jinsi yalivyomgusa. Wengine huliita dayari, ingawa kwa wengi neno hilo limebaki kwa kitabu cha ofisini chenye tarehe za mwaka mzima, cha kuandikia miadi na vikao. Shajara ya moyoni haihitaji tarehe zilizochapwa. Inaweza kuwa kauntabuku, daftari la shule lililobaki na kurasa chache, au maandishi ndani ya simu. Kinachoitofautisha na kumbukumbu nyingine ni msomaji wake: haiandikiwi mwalimu, bosi wala jamaa. Mwandishi na msomaji ni mtu yule yule, na kwa hiyo humo anaweza kusema jambo ambalo hajathubutu kulitamka mbele ya yeyote.

Si kila shajara ilianza kwa kusudi hilo. Samuel Pepys, mtumishi wa serikali jijini London, aliandika yake kuanzia 1660 hadi 1669 kwa hati mkato. Habari za ofisini, za tauni na za moto mkubwa wa 1666 zimechanganyika na wivu, aibu na furaha za nyumbani kwake. Shajara ya Anne Frank ni ya namna nyingine kabisa. Binti huyo alipewa daftari lenye jalada la mirabamiraba ya nyekundu na nyeupe alipotimiza miaka 13, tarehe 12 Juni 1942. Wiki chache baadaye familia yake ya Kiyahudi iliwakimbia Wanazi na kujificha katika vyumba vya nyuma vya jengo la biashara huko Amsterdam. Familia hiyo iliishi humo kwa zaidi ya miaka miwili, na hatimaye wakawa watu wanane, mchana wakinyata ili wafanyakazi wa chini wasisikie hatua zao.

Mahali ambapo hata kukohoa ni hatari, hasira haina pa kwenda. Anne alikuwa akikosana na mama yake, akiogopa mabomu, akimpenda kijana aliyejificha pamoja nao. Yote hayo akayaandika kama barua kwa rafiki wa kubuni aliyemwita Kitty. Mwanzoni mwa 1944 alirudi kusoma aliyokuwa ameandika kuhusu mama yake, akashtushwa na ukali wa maneno yake mwenyewe, kisha akajaribu kueleza ukali huo ulitoka wapi. Hapo ndipo thamani ya shajara inapoonekana wazi kuliko popote, kwa maana daftari lililopokea hasira ndilo lililomsaidia kuipima. Aliandika kwa mara ya mwisho tarehe 1 Agosti 1944. Siku tatu baadaye walikamatwa, naye akafa katika kambi ya Bergen-Belsen mapema 1945.

Pwani ya Afrika Mashariki nayo ina mtu wake. Sayyida Salme, binti wa Sultani Said wa Zanzibar, alikulia katika jumba ambamo wasichana walifundishwa kusoma Kurani lakini si kuandika. Akajifunza mwenyewe kwa siri, akinakili herufi za msahafu kwenye mfupa wa bega la ngamia. Mwaka 1866 aliondoka Unguja, akaolewa na Mjerumani Heinrich Ruete na kuitwa Emily. Mume huyo alikufa kwa ajali ya tramu mjini Hamburg mwaka 1870, akamwachia watoto watatu wadogo katika nchi ya baridi isiyokuwa na ndugu yake hata mmoja. Mbali na kitabu cha maisha yake alichochapisha mwaka 1886, Salme aliacha maandishi mengine yaliyokuwa bado hayajachapishwa alipofariki mwaka 1924. Yameandikwa kama barua kwa rafiki aliyebaki Unguja, naye humo anaeleza upweke na ujane wake. Si shajara kwa maana ya tarehe na siku, lakini kazi yake ni ile ile.

Sayansi ilichelewa kulitazama jambo hili. Mwaka 1986 wanasaikolojia wawili wa Marekani, James Pennebaker na Sandra Beall, walichapisha matokeo ya jaribio la wanafunzi 46 wa chuo walioandika kwa dakika 15 kila siku kwa siku nne mfululizo. Baadhi yao waliandika mambo yasiyo na uzito, kama vile chumba wanachoishi. Wengine waliandika tukio lililowaumiza zaidi maishani. Waliosimulia tukio hilo pamoja na hisia zao waliinuka mezani wakiwa na huzuni zaidi kuliko walipokaa. Hata hivyo, katika miezi sita iliyofuata walikwenda zahanati ya chuo mara chache kuliko wenzao. Tangu hapo jaribio hilo limerudiwa mara nyingi. Uchambuzi wa mwaka 2006 uliokusanya tafiti 146 ulionyesha kwamba faida ipo kweli, ila kwa wastani ni ndogo. Kwa hiyo anayeuza shajara kama dawa ya kila ugonjwa anadanganya watu.

Kwa nini wino usaidie? Kwanza, kuficha jambo ni kazi, na mwenye dukuduku hulinda maneno yake mchana kutwa. Pili, hisia ikipewa jina hupungua makali. Uchunguzi wa ubongo uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba mtu anapoitaja hisia kwa neno, sehemu ya ubongo inayoshughulika na hofu hutulia kiasi. La tatu ndilo zito zaidi: kuandika humsaidia mtu kuelewa kilichompata. Pennebaker alipochunguza maneno ya walioandika, alikuta kwamba waliopata nafuu ni wale ambao maneno kama “kwa sababu” na “naelewa” yaliongezeka kutoka siku ya kwanza hadi ya mwisho.

Mfano wa karibu ni kitindamimba anayesikia kwa jirani kwamba kaka zake wameuza kiwanja cha marehemu baba. Usiku wa kwanza daftari linajaa sentensi fupi za hasira. Jina la kaka mkubwa linarudi kila mstari, kalamu inakaribia kuchana karatasi. Usiku wa pili anamwandika baba, kiti chake cha kamba, na mwembe aliopenda kukaa chini yake. Usiku wa tatu “kwa sababu” inajitokeza: kinachouma si fedha, ni kwamba hakupigiwa simu, kama ambavyo hakuulizwa lolote wakati wa kupanga mazishi. Usiku wa nne anaandika habari za deni la hospitali ambalo kaka amelibeba peke yake. Kiwanja hakijarudi. Lakini malalamiko ya kurasa nne yamekuwa sentensi moja anayoweza kuisema kwenye kikao cha ukoo bila kulia.

Asiyefika huo usiku wa tatu anaweza kudhurika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 kuhusu watu waliotengana na wenzi wao uligundua kwamba wale wenye tabia ya kuchokonoa tukio bila kuchoka waliendelea vibaya zaidi walipoandika hisia zao kuliko walipoandika shughuli za siku tu. Kidonda kinachochokonolewa hakifungi. Daftari likirudia maneno yale yale mwezi mzima, ni afadhali kuliweka kando na kumtafuta mtu wa kuzungumza naye. Mwenye kumbukumbu za ukatili, au anayewaza kujiua, anahitaji mtaalamu wa afya ya akili, wala asiachwe peke yake na karatasi.

Kwa wengine, dakika 15 au 20 zinatosha, na si lazima kila siku. Lugha iwe ile ambayo mtu hulilia, iwe Kiswahili, lugha ya nyumbani au mchanganyiko. Tahajia na nukta zisimsumbue. Kikwazo kikubwa katika nyumba zetu ni faragha, maana chumba kimoja hulala watu watatu na sanduku halina kufuli. Mwandishi anayehofia kusomwa huanza kujisitiri hata mbele ya daftari lake, na hapo shajara inakuwa barua ya adabu. Simu yenye namba ya siri husaidia. Wapo pia wanaoandika kwenye karatasi na kuichoma kabla ya kulala. Hilo linafaa kwa uchungu wa usiku huo, ingawa aliyechoma hatapata nafasi aliyoipata Anne, ya kurudi baada ya muda na kusoma hasira yake kama ya mtu mwingine.