Kimpira Kinachookoa Injini ya Turbo

Msomaji wa Arusha anauliza kuhusu Subaru Forester yake yenye turbo. Akikanyaga mafuta hadi mwisho mlimani, gari linavuta kuliko kawaida, kisha ghafla linakata, linashika, linakata tena. Ameshauriwa afunge kifaa cha kuidanganya sensa ya presha ili lisikate. Je, kina madhara? Kina madhara makubwa, na sababu yake ni moja ya mambo yanayonifurahisha zaidi katika injini nzima.

Turbo yenyewe sitaieleza kwa kirefu. Moshi wa ekzosi huzungusha feni, feni hiyo huzungusha nyingine, na ya pili husukuma hewa ndani ya injini. Mswisi Alfred Büchi alipata hataza ya wazo hili mwaka 1905. Tuangalie hatari iliyomo ndani yake: moshi ukizidi, feni hukimbia, hewa huongezeka, kompyuta huongeza petroli ilingane na hewa, moshi huzidi tena. Feni ambayo tayari huvuka mizunguko 100,000 kwa dakika haina sababu ya kutulia.

Chukua mfereji wa shambani, kama ile mifongo ya Uchaggani, unaozungusha gurudumu la kuchota maji mtoni na kuyamwaga mfereji ule ule. Gurudumu likikimbia, maji huzidi. Maji yakizidi, gurudumu hukimbia zaidi, mpaka kingo zibomoke na migomba isombwe. Mkulima mwerevu atatoboa njia ya pembeni kabla ya gurudumu, aizibe kwa ubao ulioshikwa na springi. Na huo ubao hatauwekea mlinzi. Atachukua maji ya kule mwisho, shambani kwenyewe, ayarudishe kwa bomba jembamba yausukume. Shamba likishiba, maji yake yenyewe hufungua njia ya pembeni, na gurudumu hupunguza mwendo. Shamba likipungukiwa, springi huufunga ubao. Linalozuiwa ndilo linalojizuia!

Ndivyo ilivyo westigeti, ambayo mimi napenda kuiita valvu ya pembeni. Ubao ni kifuniko kidogo kinachopitisha moshi kando ya feni. Maji ya shambani ni hewa iliyosukumwa kuelekea kwenye injini. Na lile bomba jembamba ni kimpira chenye unene wa kalamu, kinachopeleka presha ya hewa hiyo kwenye kikopo cha springi, ambacho fimbo yake hufungua kifuniko.

Kimpira hicho kinakaa jirani na chuma kinachoweza kuiva hadi kuwa chekundu. Miaka ikipita hukauka, hupasuka kwenye maungio, au huchomoka. Hapo kikopo hakipati habari, kifuniko hakifunguki, presha inapanda bila kikomo. Kinachobaki ni kompyuta: sensa ikiona kiwango kimevukwa, nozeli zinafungwa. Huko ndiko kukata anakokulalamikia msomaji wetu. Ndiyo kinga ya mwisho, na ndiyo anayoshauriwa kuizima.

Akiizima, hewa na petroli vitabanwa mno hadi viwake vyenyewe pembeni mwa silinda, kabla moto wa plagi haujafika. Injini inagonga. Vishindo hivyo huvunja kuta nyembamba za pistoni zinazoshika ringi, na baada ya hapo ni kula oili na moshi wa bluu. Ili kuzuia kugonga huko, mwaka 1982 Saab ya Sweden ilileta mfumo wa APC, wenye sensa kwenye bloku inayosikiliza injini ikianza kugonga, kisha ukapunguza presha kupitia valvu ile ile ya pembeni.

Vijana wanaofunga ekzosi pana nao wajihadhari: moshi ukipita kwa urahisi mno, valvu ya pembeni inaweza kuwa ndogo mno kuuhimili, na presha ikapanda vilevile.

Kwa msomaji wetu: usinunue kifaa hicho. Mwambie fundi azime injini, iachwe ipoe, afuate kimpira kutoka mwanzo hadi kwenye kikopo, akikunje kwa vidole kutafuta nyufa. Kisha apulize kikopo kwa pampu ndogo ya mkono yenye geji. Fimbo yake isogee presha inapofika kiwango cha springi, na irudi presha ikitolewa. Isiposogea, kikopo kimetoboka au kifuniko kimeganda kwa masizi. Ikisogea vizuri na kimpira ni kizima, akague solenoidi inayopunguza presha ya kimpira hicho. Mpaka hapo, usikanyage mafuta hadi mwisho.