Je, shabiki naye amefiwa? Lugha ya kumwomboleza mpiga gitaa

JUMANNE ya Oktoba 6, 2020, Wolfgang Van Halen aliutangazia ulimwengu kwamba babake, Eddie Van Halen, mpiga gitaa wa bendi ya roki iliyobeba jina la ukoo wao, alikuwa ameaga dunia asubuhi hiyo kutokana na saratani. Alikuwa na umri wa miaka 65. Najua kuna msomaji atakayeuliza, “Huyo naye ni nani?” Ikiwa umewahi kuusikiliza wimbo ‘Beat It’ wa Michael Jackson hadi katikati (na ni nani aliyepanda matatu enzi zile asiusikie?), basi umemsikia. Lile gitaa linalopiga mayowe, likatetemeka, likapanda juu kama linataka kupasuka, ni lake. Alilipiga mwaka wa 1982 bila kulipwa hata senti moja.

Lakini leo nawaangazia zaidi waliomlilia. Mashabiki walipeleka maua katika nyumba alikokulia mjini Pasadena, California. Wengine walikwenda Hollywood, mahali palipohifadhiwa alama za viganja vyake kwenye saruji. Wengi wao hawakuwahi kumpa mkono. Wapo watu wanaoguna waonapo mambo kama haya: mtu mzima mwenye akili timamu anamlilia mtu asiyemjua? Mguno huo, ukiutazama vizuri, unazua swali la kiisimu. Nani ana haki ya kusema “nimefiwa”?

Kitenzi chenyewe kina masharti yake. Kutokana na kufa twapata kufia, na kutokana na kufia twapata kufiwa. Mtu anaweza kufia hospitalini, au kufia nchi yake. Tukiingia katika kauli ya kutendewa, mambo hubadilika: “Jirani amefiwa na mumewe.” Hebu itazame sentensi hiyo kwa makini. Kisarufi, aliyekufa ndiye mtenda, na aliyebaki hai ndiye mtendwa. Kifo kinachukuliwa kuwa jambo ambalo marehemu amemfanyia mtu fulani, na huyo mtu lazima awe na uhusiano naye unaotambulika: mke, mtoto, ndugu, mkwe. Orodha hiyo jamii inaijua bila kuandikiwa.

Sasa hebu shabiki aende kwa mkubwa wake kazini kuomba ruhusa. “Nimefiwa.” “Pole sana. Na nani?” “Na mpiga gitaa wa Marekani.” Ruhusa hapati huyo! Shabiki mwenyewe analielewa hilo, na ndiyo maana aghalabu hulikwepa neno hili. Atasema “tumempoteza”, “ametuacha”, “pengo lake halitazibika.” Ana huzuni, ila hana kiti katika sarufi ya msiba.

Mwanafalsafa J. L. Austin, katika mihadhara yake iliyochapishwa mwaka wa 1962, alionyesha kwamba kuna maneno ambayo kuyatamka ni kutenda. Kutoa rambirambi ni mojawapo ya vitendo hivyo. Kwa mujibu wake, kitendo cha aina hii hufaulu pale tu masharti yake yanapotimizwa: msemaji anayefaa, msikilizaji anayefaa, mahali panapofaa. Huku kwetu masharti hayo yana nyumba. Mtu huenda matangani, akaingia, akasema “makiwa” au “poleni”, akaketi. Pana mwenye kuipokea pole hiyo. Franco Luambo, yule gwiji wa gitaa la rumba, alipofariki mnamo Oktoba 1989, serikali ya Zaire ilitangaza siku nne za maombolezo, na kwa tangazo hilo nchi nzima ikageuka kuwa matanga. Mashabiki wa Eddie hawakupata tangazo kama hilo. Isitoshe, ulikuwa mwaka wa korona, wakati ambapo hata wafiwa wa damu walizuiwa kukusanyika. Walichofanya pale Pasadena ni kuanzisha matanga yasiyo na mwenyewe, ambapo mgeni anampa pole mgeni mwenzake.

Matanga ya namna hiyo huzaa lugha yake. Jambo la kwanza utakaloligundua ni kwamba shabiki huzungumza na marehemu moja kwa moja. “Asante kwa kila kitu.” “Pumzika kwa amani.” Ukiyalinganisha haya na dua tuliyoizoea, ile ya kumwomba Mungu ailaze roho ya marehemu mahali pema peponi, utaona kwamba anayeambiwa amebadilika. Katika dua, tunamwambia Mungu kuhusu marehemu. Katika “pumzika kwa amani”, Mungu hatajwi. Marehemu ndiye anayepewa amri. Cha kushangaza ni kwamba asili ya msemo huu katika Kilatini, requiescat in pace, si amri kwa marehemu hata kidogo. Maana yake ni “na apumzike kwa amani”, yaani ni ombi linalomtaja marehemu katika nafsi ya tatu. Kiingereza kikaufinyanga kwa namna ambayo nafsi haionekani wazi, nasi tulipoupokea tukachagua nafsi ya pili. Sioni kosa hapo. Shabiki hana mfiwa wa kumpa pole ana kwa ana, hivyo anamgeukia mtu mmoja tu ambaye amemsikiliza kwa miaka mingi.

Jambo la pili huwakera wengi: shabiki hujizungumzia. Nilikuwa na miaka 14, nilikuwa nimefukuzwa shule, kaka yangu alinunua kanda... Mwombolezaji wa kawaida akianza hivyo tutamwona mbinafsi. Mwaka wa 1956 watafiti Donald Horton na Richard Wohl waliandika kuhusu uhusiano wa upande mmoja ambao mtazamaji au msikilizaji huujenga na mtu wa redioni au wa televisheni: huyu anamjua yule, yule hana habari naye. Kwa maoni yangu, hadithi hizi za “nilikuwa na miaka 14” ni sawa na yale tusemayo tukifika kwenye msiba ambapo hatujulikani: “Mimi ni jirani,” “Nilisoma naye.” Shabiki anajitambulisha mlangoni.

La tatu ni sifa, na hapa mashabiki wa gitaa huwa hawana mpinzani. Humlilia mtu kwa kueleza vidole vyake. Watakwambia kuhusu ‘Eruption’ ya mwaka wa 1978, kipande cha gitaa kisichofika dakika mbili, ambamo mkono wa kulia unaacha kazi yake ya kukwaruza nyuzi na kwenda kuzigonga kwenye shingo ya gitaa, ukisaidiana na wa kushoto. Walikuwapo waliofanya hivyo kabla yake. Yeye ndiye aliyeufanya mtindo huo uigwe kote duniani. Watakueleza kuhusu gitaa alilojiundia kwa vipande vya magitaa mbalimbali na kulipaka mistari. Kwa sikio la mgeni, huu ni mhadhara wa ufundi. Lakini mbolezi zetu pia hutaja kazi za marehemu moja baada ya nyingine: alilima wapi, alipigana na nani, aliwalea wangapi.

(Kuhusu neno “mkongwe”, ambalo magazeti humpachika kila mwanamuziki anayefariki, na mchezaji kandanda wa miaka 34 pia, labda siku nyingine.)

Eddie mwenyewe aliwahi kuwa upande huo wa mlango. Desemba 2004, Darrell Abbott wa bendi ya Pantera, aliyejulikana kama Dimebag na aliyemhusudu Eddie tangu ujanani, aliuawa kwa risasi akiwa jukwaani. Eddie alikwenda mazishini na gitaa lake la rangi nyeusi na manjano, lile lionekanalo kwenye jalada la nyuma la albamu ya 1979, likawekwa ndani ya jeneza na kuzikwa pamoja na shabiki wake.

Hata hivyo, haki ya shabiki ina mpaka, na mpaka huo ni mfiwa mwenyewe. Wolfgang, ambaye pia ni mwanamuziki, alipoanza kutumbuiza na bendi yake, walijitokeza waliotaka apige nyimbo za babake. Alikataa, tena waziwazi. Hapo pole ilikuwa imegeuka kuwa dai. Mgeni wa matanga hamwambii mwenye msiba alie vipi, wala saa ngapi.

Septemba 2022 alizipiga nyimbo hizo, uwanjani Wembley jijini London. Ilikuwa katika tamasha la kumkumbuka Taylor Hawkins, mpiga ngoma wa Foo Fighters, na Wolfgang alikuwa amekuja kuwapa wengine pole.