Mwanao Anaandika Insha ya Nani?

Je, mzazi, ni lini mara ya mwisho ulimwomba mwanao aliye chuo kikuu akuonyeshe kazi aliyoiandika mwenyewe? Sisemi risiti ya karo wala karatasi ya matokeo, bali insha, ripoti au ule mradi wa mwaka wa nne. Wengi wetu hatujawahi. Tunalipa, tunamwomba Mungu, kisha tunangoja siku ya mahafali tukodi matatu na kubeba ukoo mzima.

Mama mmoja wa mtaani kwetu, muuza mboga, alikuwa akiingoja siku hiyo. Kila mwezi mwanawe alimtumia pesa kwa simu, hata karo ya dadake wa Kidato cha Tatu ikalipwa. Mama alijigamba sokoni, na nani angemlaumu? Alipomuuliza kijana pesa zinatoka wapi, alijibiwa, "Ninaandika, mama." Akadhani mwanawe amekuwa mwandishi wa magazeti.

Kumbe kijana alikuwa akiwaandikia wanafunzi wa Marekani na Uingereza insha zao! Kazi hii imewalisha vijana wengi wa Kenya kwa miaka mingi. Mwanafunzi wa ng'ambo hulipa kampuni kwa dola, kampuni humtafuta mwandishi kwenye mtandao, na mwandishi hukesha, maana mchana wa Marekani huangukia jioni na usiku wetu. Leo anaandika juu ya uuguzi, kesho sheria, keshokutwa historia ya vita ambavyo hajawahi kuvisikia. Wenyewe huiita uandishi wa kitaaluma. Jina zuri kweli kwa kazi ya kumsaidia mtu kumdanganya mwalimu wake. Huko England biashara hiyo iliharamishwa kwa sheria ya mwaka 2022.

Usimdharau kijana huyo, msomaji. Kusoma somo geni usiku mmoja na kuliandikia kurasa kumi kabla ya jua kuchomoza si kazi ya mjinga. Uchungu ni kwamba akili ile yote ilienda kwa wengine. Mradi wake mwenyewe wa uchumi hakuwa na nafasi nao, akaununua kwa mtu wa saiba karibu na lango la chuo. Siku ya kuutetea mbele ya wahadhiri aliulizwa alizipataje takwimu za jedwali la pili. Akanyamaza. Jina lake likaondolewa kwenye orodha ya wahitimu.

Mama akasema watoto wa siku hizi wameharibika. Mimi sikubaliani naye moja kwa moja, kwani udanganyifu haukuanza na kizazi hiki. Wewe uliyesoma miaka ya themanini na tisini unakijua kile kikaratasi cha majibu kilichofichwa kwenye soksi, tulichokiita mwakenya. Jina lilitokana na lile kundi la siri la Mwakenya, ambalo kwa ajili yake wahadhiri na wanafunzi walitiwa mbaroni mwaka 1986. Tulicheka na tukakitumia.

Kilichobadilika ni chuo chenyewe. Mwaka 1990 vyuo vya umma vilipokea makundi mawili kwa mpigo, wale wa mwisho wa Kidato cha Sita na wale wa kwanza wa 8-4-4. Mwaka uliofuata wanafunzi wakaanza kujilipia chakula. Mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kikaanzisha masomo ya kujilipia karo yote, na vyuo vingine vikafuata. Pesa zikaingia, majengo yakachipuka hadi juu ya maduka ya mijini, lakini wahadhiri hawakuongezeka kwa kasi hiyo. Mhadhiri mwenye wanafunzi mia nne atasoma insha ngapi kwa makini? Husahihisha harakaharaka, na nyingine hupotea. Muulize mwanao habari za alama zilizopotea, utashangaa! Kijana aliyefanya mtihani kisha akaambiwa hakuufanya hujifunza kwamba kinachotakiwa ni karatasi tu.

Kisha likaja la mwaka 2016. Usimamizi wa KCSE ulipokazwa, waliopata alama ya A walishuka kutoka zaidi ya 2,600 mwaka uliotangulia hadi 141. Waliofikisha C+, alama ya kuingilia chuo kikuu, wakawa chini ya 90,000. Basi jiulize, wale wa miaka ya nyuma waliingia vyuoni na nini kichwani? Masomo yale ya kujilipia yalikosa wateja, na vyuo vilivyoyategemea vikabaki na madeni.

Mwishoni mwa mwaka 2022 ikaja ChatGPT. Soko la insha za ng'ambo likadidimia, kwa sababu aliyekuwa akimlipa kijana wetu sasa anaiuliza mashine. Na kijana wetu naye anaiuliza hiyohiyo.

Kwa hiyo, mzazi, usingoje mwaka wa nne. Kila muhula mwambie mwanao alete karatasi ya matokeo, na palipo na pengo, aende idarani wiki hiyohiyo. Kumfuata mhadhiri baada ya miaka mitatu ni kazi bure, pengine ameshahamia chuo kingine. Akija likizo, mwambie akueleze mradi wake kwa Kiswahili cha kawaida, mkiwa jikoni. Huhitaji shahada kutambua mtu asiyejua anachokisema.

Yule kijana alirudia mradi wake. Safari hii alikwenda soko lilelile la mamake, daftari mkononi, akiwauliza wauza mboga wanakopa wapi mtaji na kwa riba gani. Mama anasema alimsumbua kwa maswali siku tatu mfululizo, hata wateja wakakasirika. Pesa za kila mwezi zimekatika, na karo ya binti sasa inatoka kwenye sukuma wiki.