Picha Haisemi Peke Yake

Watu husema kwamba picha haidanganyi, kwa kuwa kamera haina ulimi wala kinyongo. Lakini kila aliyepata kuingia katika studio ya mpiga picha ajua jinsi mambo yalivyo. Kijana hufika na shati lake la kila siku, akaazimwa koti na saa ya mkono, akasimama mbele ya pazia lililochorwa ghorofa na maua. Picha ile ifikapo kijijini, mama yake huwaonyesha majirani kwamba mwanawe amekwisha kuwa mtu mkubwa. Picha haikusema uongo, maana koti lilikuwapo na saa ilikuwapo. Waliosema zaidi ya walivyoona ni watazamaji.

Kwa sababu hiyo, wapiga picha wana desturi ya kukutana, kuweka picha mezani, na kushauriana juu ya maana yake. Desturi hiyo ni ya zamani. Mwaka 1853 wapiga picha wa Uingereza waliunda chama chao mjini London, ili kuonyeshana kazi na kufundishana; nacho kilipewa jina la Kifalme mwaka 1894. Katibu wake wa kwanza alikuwa Bwana Roger Fenton. Yafaa kueleza habari za picha mbili za bwana huyo, kwani zaonyesha vizuri faida ya mashauri ya namna hiyo.

Katika miaka ile Waingereza, Wafaransa na Waturuki walikuwa wakipigana na Warusi katika nchi ya Crimea, na mji wa Sevastopol ulikuwa umezingirwa. Mwaka 1855 Fenton alikwenda huko na gari la farasi lililokuwa zamani la mfanya biashara wa mvinyo, akaligeuza kuwa chumba cha giza. Kazi yake haikuwa nyepesi. Siku zile picha ilipigwa juu ya kioo kilichopakwa dawa, na ilimpasa mpiga picha kumaliza kazi yote kabla dawa haijakauka. Tena kamera ilihitaji kufunguliwa kwa sekunde kadhaa, hata isiweze kushika kitu kinachokwenda mbio. Hata hivyo alirudi kwao na picha zaidi ya 300.

Iliyo mashuhuri kuliko zote ni ya bonde ambalo askari waliliita Bonde la Uvuli wa Mauti, kwa jinsi mizinga ya Warusi ilivyolipiga. Ndani yake hamna mtu wala mnyama. Mna njia tupu kati ya vilima, na matufe ya chuma ya mizinga yametapakaa kila mahali. Lakini Fenton alipiga picha mbili pale pale, bila kuihamisha kamera. Katika moja, matufe yamejaa njiani. Katika ya pili njia ni nyeupe, na matufe yamelala mtaroni na kandoni tu.

Hapo ndipo ubishi ulipoanza. Je, ni ipi iliyopigwa kwanza? Wako waliosema kwamba Fenton alikuta njia nyeupe, kisha matufe yakatandazwa njiani ili picha itishe zaidi. Mwandishi Susan Sontag wa Marekani, katika kitabu chake cha mwaka 2003, alimtaja Fenton kuwa ndiye aliyesimamia jambo hilo. Wengine walijibu kwamba sivyo: askari walizoea kuyaokota matufe ili yatumiwe tena, basi huenda njia ilikuwa imejaa kwanza, ikasafishwa baadaye. Neno hili si dogo. Wakisadikiwa wale wa kwanza, mtu aliyehatarisha maisha yake huitwa mdanganyifu, naye amekwisha kufa tangu mwaka 1869, hawezi kujitetea.

Mwaka 2007 Errol Morris, Mmarekani atengenezaye filamu, alishika shauri la kulichunguza jambo hilo. Aliwauliza waangalizi wa picha za kale na waandishi wa historia, akaona wamegawanyika. Alisafiri mpaka bonde lenyewe. Vivuli vya matufe vilipimwa ili kujua saa za jua, lakini hesabu hazikukubaliana. Mwisho rafiki yake mmoja, mjuzi wa vyombo vya kutazamia, aliacha kuyatazama matufe, akatazama vijiwe vya mteremkoni ambavyo hakuna aliyevijali. Vijiwe hivyo, ambavyo baadaye vilipewa hata majina ya watu, katika picha ya njia nyeupe viko juu. Katika picha ya njia iliyojaa vimeshuka kidogo. Basi jiwe likigongwa na mguu huteremka, halipandi. Hivyo ilijulikana kwamba picha ya njia nyeupe ilitangulia.

Je, Fenton amehukumiwa? La. Vijiwe vilionyesha utaratibu wa picha, lakini havikuonyesha moyo wa mtu. Nani aliyeyahamisha matufe, na kwa nia gani, picha haisemi. Jambo hilo Morris mwenyewe alilikiri, akaliacha hapo.

Katika kisa hiki mna mafundisho matatu kwa watu watazamao picha pamoja. La kwanza, kila mmoja ataje anayoyaona kabla ya kutaja anayoyadhani. "Matufe yako njiani" ni neno la macho. "Yamewekwa ili kutudanganya" ni neno la dhana, nalo lahitaji ushahidi wake. La pili, macho yasikae tu penye jambo kuu, maana pembeni ndipo ushahidi ulipopatikana. La tatu, waulize ni picha gani nyingine iliyopigwa siku ile, na kitu gani kilichobaki nje ya picha. Kama ingalihifadhiwa moja tu ya zile mbili, hakuna ambaye angaliuliza neno.

Mafundisho haya si ya wenye kamera peke yao. Picha ya mtu aliyeinua fimbo yaweza kuwa ya mgomvi, tena yaweza kuwa ya mchungaji afukuzaye fisi. Atakayemhukumu kwa kutazama mara moja, peke yake, aweza kumvunjia heshima mtu asiye na hatia. Akiiweka mbele ya wenzake, huenda mmoja wao ataona nyayo za fisi mchangani. Wazee hawakukosea waliposema kwamba penye wengi hapaharibiki neno.