Kizuri Hakijiuzi Mtandaoni: Kuandaa Kurasa za Kiswahili Zipatikane kwa Urahisi

Utangulizi

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika mtandao wa intaneti methali hii haifanyi kazi ipasavyo. Mwanafunzi wa sekondari anayetatizwa na ngeli za nomino huchukua simu, akaandika maneno mawili matatu kwenye Google, kisha akasoma ukurasa wa kwanza au wa pili katika orodha anayoletewa. Iwapo maelezo mazuri ya mwalimu bobezi yako nafasi ya arobaini, kwa mwanafunzi huyo ni kama hayapo. Atanakili yaliyo juu, hata kama yamejaa makosa, na makosa hayo tutakutana nayo katika karatasi za mtihani.

Jambo hili linatuhusu sana sisi tunaofundisha Kiswahili katika nchi jirani na Tanzania na Kenya. Hapa Uganda, marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na mnamo Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaridhia utekelezaji wake pamoja na pendekezo la kukifanya somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Rwanda nayo ilikifanya lugha rasmi mwaka 2017. Wanaotaka kujifunza wanaongezeka, ilhali vitabu ni vichache na ni ghali. Kwa mintarafu hiyo, kurasa za tovuti zinazoandikwa na walimu zina nafasi kubwa, mradi zionekane.

Katika makala haya tunaeleza namna ya kuboresha ukurasa wenyewe ili mitambo ya kutafuta iupe nafasi nzuri. Hoja yetu ni kwamba sehemu kubwa ya kazi hii si ufundi wa kompyuta bali ni kazi ya lugha, na kwa hiyo mwalimu wa Kiswahili anaiweza.

Mtambo wa kutafuta hufanya nini?

Mitambo kama Google na Bing hufanya kazi tatu. Kwanza, programu zake, ambazo wengi huziita buibui, hupita katika kurasa zikifuata viungo kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine. Pili, yaliyosomwa huwekwa katika faharasa kubwa, mfano wa ile tunayoikuta mwisho wa kitabu: neno fulani linapatikana katika kurasa zipi. Tatu, mtu anapouliza, mtambo huchagua kurasa zinazoelekea kumfaa na kuzipanga kwa daraja.

Google ilipoanzishwa na Larry Page na Sergey Brin mwaka 1998, upya wake ulikuwa katika kuvihesabu viungo vinavyoelekea kwenye ukurasa kama aina ya kura. Viungo kutoka tovuti nyingine bado vina uzito, lakini hivyo hatuvimiliki. Tunachokimiliki ni ukurasa wetu: maneno yake, vichwa vyake, na jinsi unavyounganishwa na kurasa nyingine za tovuti yetu. Tuanzie hapo.

Maneno ya msomaji kwanza

Swali la kwanza si "tunataka kusema nini?" bali "msomaji wetu ataandika maneno gani?" Wanataaluma hupenda kichwa kama "Mtazamo wa Kimofosintaksia kuhusu Uainishaji wa Nomino". Mwanafunzi huandika "ngeli za Kiswahili na mifano". Iwapo maneno yake hayamo popote katika ukurasa wetu, tusishangae tukipitwa.

Kiswahili kina mambo matatu yanayohitaji uangalifu wa pekee.

(a) Maumbo ya maneno. Katika Kiingereza mabadiliko ya neno huwa zaidi mwishoni. Katika Kiswahili neno hubadilika sana mwanzoni: soma, kusoma, anasoma, tutasoma, hawakusoma. Nomino nazo hubadilika: kitendawili na vitendawili, jicho na macho. Si busara kutegemea kwamba mtambo utayatambua maumbo yote kuwa ya neno moja. Tuyatumie maumbo mbalimbali katika sentensi za kawaida. Ukurasa wa vitendawili uwe na "vitendawili na majibu yake" katika kichwa, na mahali fulani ueleze "kitendawili ni nini".

(b) Istilahi zinazotofautiana. Mfano bora ni ngeli zenyewe. Mwanafunzi aliyezoea vitabu vya Kenya atatafuta ngeli ya A-WA, U-I au LI-YA, kwa kuwa vitabu hivyo hufuata upatanisho wa kisarufi. Aliyezoea uainishaji wa viambishi vya nomino atatafuta M-WA, M-MI au JI-MA. Ukurasa unaotaja mkabala mmoja tu utakosa nusu ya wasomaji. Ukurasa unaoeleza yote miwili, na kuonyesha kwa nini neno kijana ni la KI-VI kwa umbo lakini ni la A-WA kwa upatanisho, utapatikana na wengi na utakuwa umefundisha vizuri zaidi. Ndivyo ilivyo kwa nomino na jina, mofolojia na sarufi maumbo, kompyuta na tarakilishi, televisheni na runinga.

(c) Lugha ya anayetafuta. Mgeni anayeanza kujifunza hataandika "ngeli". Ataandika kwa Kiingereza, na jirani zetu wa Kongo na Burundi huenda wakaandika kwa Kifaransa. Ni afadhali kuwatengenezea hao ukurasa wao kamili kuliko kuchanganya lugha mbili katika ukurasa mmoja. Kurasa hizo mbili huunganishwa kwa alama iitwayo hreflang, ambayo Google iliianzisha mwaka 2011 ili kuonyesha kwamba ni maelezo yale yale kwa lugha tofauti.

Mahali pa kuyaweka maneno hayo

Baada ya kuyajua maneno, tuyaweke mahali yatakaposaidia.

1. Kichwa cha ukurasa. Haya ni maneno yaliyo ndani ya lebo ya title, ambayo mara nyingi ndiyo huonekana katika orodha ya matokeo. Kurasa nyingi za vyuo huitwa "Karibu" au "Idara" tu. Linganisha na "Ngeli za Nomino za Kiswahili: Maelezo, Mifano na Mazoezi". Kila ukurasa uwe na kichwa chake, na herufi zipatazo 60 zinatosha, kwani kirefu zaidi huweza kukatwa.

2. Kichwa kikuu na vichwa vidogo ndani ya ukurasa. Tutumie lebo za vichwa, yaani h1, h2 na kuendelea, badala ya kukoza wino na kukuza herufi tu. Kwa macho ya binadamu yote ni sawa, lakini lebo ndizo zinazouambia mtambo kwamba hiki ni kichwa.

3. Aya ya kwanza. Jibu lianze mapema. Salamu ndefu na historia ya idara zina mahali pake pengine.

4. Muhtasari wa ukurasa. Maelezo mafupi ya lebo ya description hayapandishi daraja moja kwa moja, lakini huweza kuonyeshwa chini ya kichwa katika matokeo, na ndiyo humshawishi msomaji abofye.

5. Anwani. Anwani inayoishia na "ngeli-za-nomino" inaeleweka kuliko inayoishia na "id=147".

6. Viungo vya ndani. Badala ya kuandika "bofya hapa", tuandike "soma kuhusu upatanisho wa kisarufi". Ukurasa usiounganishwa na mwingine wowote ni kama kitabu kilichoanguka nyuma ya rafu.

7. Picha. Kila picha au jedwali lililopigwa picha liwe na maelezo katika alama ya alt. Maelezo haya humsaidia pia msomaji asiyeona.

Aidha, msimbo wa ukurasa utaje lugha kwa alama lang="sw". Google hutambua lugha kwa kusoma maandishi yenyewe, hata hivyo alama hii husaidia vivinjari na programu zinazowasomea wasioona kwa sauti.

Vikwazo vya kuondoa

Kikwazo kikubwa katika vyuo vyetu ni maandishi yaliyofungiwa ndani ya picha. Muhadhara uliochapwa, ukapigwa picha na kuwekwa kama faili la PDF, unaweza kusomeka kwa shida au usisomeke kabisa na mtambo. Ni heri kuuandika upya kama ukurasa wa kawaida, na faili likabaki kwa anayetaka kuchapisha.

Kikwazo cha pili ni simu. Google ilikamilisha mwaka 2023 mpango wake wa kuzitathmini tovuti kwa sura inayoonekana kwenye simu za mkononi. Kama jedwali la ngeli linatoka nje ya kioo cha simu, au picha nzito zinamalizia mwanafunzi bando lake kabla ya maelezo kufunguka, ataondoka.

Hila za kuepuka

Wapo wanaorudia neno moja mara hamsini, au wanaoficha maneno kwa rangi nyeupe juu ya ukurasa mweupe. Mitambo inazijua hila hizi na huziadhibu. Lebo ya keywords, ambayo zamani ilijazwa maneno chungu nzima, Google ilitangaza mwaka 2009 kwamba haiitumii katika kupanga matokeo. Kunakili makala ya wengine hakufai, na kubandika tafsiri ya mashine bila kuihariri ni hatari zaidi kwetu, kwa sababu tunaojiita walinzi wa lugha tutakuwa tunasambaza sentensi mbovu kwa jina la chuo.

Kupima matokeo

Google inatoa bure huduma iitwayo Search Console, na Bing ina yake. Ukithibitisha kwamba tovuti ni yako, utaonyeshwa maneno ambayo watu waliyaandika hadi ukurasa wako ukaonekana, nafasi uliyopata, na wangapi walibofya. Kwa mwalimu wa lugha hii ni hazina: ni orodha ya maswali halisi ya wanafunzi. Ukiona wengi wanauliza "tofauti ya nahau na methali" na huna ukurasa huo, umepata mada ya wiki ijayo. Mabadiliko hayaonekani siku hiyo hiyo. Huchukua wiki kadhaa, wakati mwingine miezi.

Hitimisho

Hakuna anayeweza kuahidi nafasi ya kwanza, na anayeiuza ahadi hiyo aogopwe. Tangu mwaka 2024 Google imekuwa pia ikiweka muhtasari uliotungwa na akili unde juu ya baadhi ya matokeo, na muhtasari huo hutegemea kurasa zilizopo. Ikiwa kurasa sahihi za Kiswahili ni chache au zimefichika, majibu nayo yatakuwa dhaifu.

Tunapendekeza kila mwalimu achague ukurasa mmoja tu muhula huu: aorodheshe maneno matano ambayo mwanafunzi angeandika, arekebishe kichwa na aya ya kwanza, na auunganishe na kurasa nyingine mbili. Kazi hiyo haizidi saa moja, na mwanafunzi aliye mbali na maktaba atakuwa amemfikia mwalimu wake.