Lourdes siku ya mvua: maji ni bure, chupa inauzwa

Kando ya pango la Massabielle, mjini Lourdes, kusini-magharibi mwa Ufaransa, maji ya chemchemi hayauzwi. Kila afikaye hukinga bombani na kuondoka nayo bila kulipa senti. Biashara inaanzia nje ya malango ya eneo takatifu. Huko maduka yamejaa vyombo vya kuyabebea: madumu, galoni, na chupa za plastiki zenye umbo la Bikira Maria, taji lake la buluu likiwa ndicho kifuniko.

Agosti 15, sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria, Ufaransa nzima hupumzika, lakini Lourdes iko kazini. Hija ya Taifa, iliyoanza mwaka 1873, huangukia siku hizo. Mji uko chini ya milima ya Pyrenees, na mvua ya kiangazi si ajabu huko. Ikinyesha, mikahawa yenye meza za nje huumia kweli. Hoteli hazitetereki, kwa sababu wateja wake wakubwa ni makundi ya majimbo na parokia yaliyoweka nafasi mapema, tena yakiwa na wagonjwa wao. Aliyekuja kuomba uponyaji haahirishi safari kwa sababu ya wingu. Maduka nayo husogeza miamvuli na makoti mepesi ya plastiki mbele ya rozari. Katika maandamano ya mishumaa ya saa tatu usiku, kikaratasi cha kukinga mwali hulowa na kulegea mkononi.

Kanisa lilijiandaa kwa hali hii tangu 1958, lilipotabaruku Basilika ya Mtakatifu Pius X, iliyochimbwa chini ya ardhi na kujengwa ienee watu wapatao 25,000. Ukiacha reli iliyofika mwaka 1866, sioni uwekezaji ulioufaa mji huu kuliko paa hilo. Kwa kuwa ibada inahamia ndani, ratiba haivunjiki, na ratiba ndiyo inayojaza vitanda.

Yuko mteja ambaye ni rahisi kumsahau: mtu wa kujitolea. Wanaovuta viti vya buluu vya wagonjwa, na mvua ikianza wakavuta vifuniko vyake kuwakinga, hawalipwi. Wengi hujigharamia nauli, malazi na chakula. Mji unapata nguvu kazi na mpangaji kwa mtu mmoja.

Wasiwasi wangu uko kwenye kalenda. Mji wa watu takriban 13,000 umekuwa ukitajwa kwa miaka mingi kuwa wa pili baada ya Paris kwa wingi wa hoteli, lakini sehemu kubwa ya mapato huja kati ya Aprili na Oktoba. Baridi ikiingia hoteli nyingi hufungwa, na vibarua wa msimu huondoka. Mto Gave de Pau ulipofurika Juni 2013, maji yaliingia pangoni na kwenye hoteli za kingoni, msimu ukiwa umechanganya. Machi 2020, korona ililifunga eneo takatifu kwa mara ya kwanza katika historia yake, na mji haukuwa na soko la pili la kukimbilia.

Siku hizi Lourdes inajitangaza pia kama lango la milima, ili ipate wageni wa majira yote. Ni hatua nzuri, mradi vyumba vya bei nafuu visigeuzwe vya kifahari: mgonjwa anayesindikizwa na ndugu wawili analipia vitanda vitatu.