Ajali ya Pikipiki na Hesabu ya Siku

Hapa Usevya pikipiki imekuwa miguu ya kila mtu. Hupeleka wagonjwa kutibiwa, mpunga mashineni na wageni Mpanda mjini. Lakini ajali itokeapo, wengi wetu hushughulikia jeraha tu, wasijue kuwa haki nayo ina siku zake.

La kwanza ni uhai. Majeruhi apelekwe hospitali, na siku hiyo hiyo ndugu mmoja aende polisi. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 humlazimu dereva kusimama, kumsaidia majeruhi na kutoa taarifa polisi. Huko hutolewa fomu ya PF3, ambamo mganga huandika majeraha aliyoyaona. Mkichelewa, kidonda hupona, alama za tairi hufutika, na mashahidi husahau.

La pili ni bima. Sheria yataka kila pikipiki iwapo barabarani iwe na bima ya kuwakinga watu wengine. Basi andikeni namba ya pikipiki na jina la kampuni ya bima, mpeleke taarifa mapema kwa maandishi, nanyi mbaki na nakala. Mwenye pikipiki naye asome hati yake ya bima, ajue masharti ya kutoa taarifa.

La tatu ni mahakama. Kwa Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 89, madai ya fidia kwa jeraha la uzembe hufunguliwa ndani ya miaka 3. Aliyegongwa tarehe 10 Machi 2025 asivuke tarehe 10 Machi 2028. Akivuka, mahakama huyatupa madai hata kama mdaiwa hakutamka neno juu ya kuchelewa.

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Dereva husema, "Tuyamalize nyumbani, nitalipa baada ya mavuno." Mavuno huja na kupita. Kupatana ni jambo jema, lakini mazungumzo hayasimamishi hesabu ya miaka. Wala msitegemee kesi ya polisi peke yake, kwa kuwa faini atozwayo dereva kwa kawaida huingia Serikalini.

Mtoto hafungui kesi mwenyewe. Mzazi au mlezi humfungulia. Basi, ewe mwanafunzi, ikitokea ajali nyumbani kwenu, chukua daftari uandike tarehe, mahali, namba ya pikipiki na majina ya walioona. Wahenga walisema: Ngoja ngoja huumiza matumbo.